Vitobo Ukutani Gede

Ukienda Gede na wenzako usiishie kupiga picha na kima. Ingia zile nyumba za mawe karibu na kasri, zilizofukuliwa na James Kirkman kuanzia 1948. Ndani inua macho: utaona safu ya vitobo ukutani. Si alama za risasi, ati! Humo mlichomekwa vigingi vya mbao, na kwenye vigingi watu walitundika mazulia na vitambaa.

Vilitoka wapi? Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zinafumwa hapo hapo, zikipelekwa hadi Misri. Baadaye Pate ikasifika kwa hariri, hata Wareno wakiitafuta. Pamba nyingine ililetwa na majahazi kutoka Bara Hindi. Kwa hivyo mtu asikwambie wazee wetu walilala kwenye kuta tupu.

Najua utaniuliza, na ile hadithi ya pazia la Bibi Aisha? Swali zuri. Imepokewa katika Sahih Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alilivuta pazia lile, likakatwa likawa mito miwili. Imam Nawawi akasema kuvisha kuta ni makuruhu, si haramu.

Gede ilihamwa karne ya 17. Vitambaa vikaoza, vitobo vikabaki. Tangu 2024 Gede imo katika urithi wa dunia wa UNESCO. Lakini nyumba ya bibi yako kule mji wa kale haina askari mlangoni. Fundi akija na simiti yake, panda ngazi wewe kwanza uangalie chini ya dari.