Njia ya Tunduma, kutoka Sangasanga

Mwezi Agosti 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wapanda farasi kutoka Afrika Kusini waliingia Mlali. Walikuwa askari wa Brigedia Enslin, katika jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts, lililokuwa likimwinda Paul von Lettow-Vorbeck na askari wake wa Kijerumani na Kiafrika. Smuts alitaka kuuzingira mji wa Morogoro. Mlali ilikuwa muhimu kwake kwa sababu iko chini ya ubavu wa magharibi wa Milima ya Uluguru, mahali inapoanzia njia ya kupanda Mgeta na kuizunguka milima kuelekea Kisaki. Wajerumani walikuwa wameweka akiba ya risasi hapo. Mapigano yalianza tarehe 24, na siku mbili baadaye Waingereza wakauchukua mji wa Morogoro ukiwa umeshaachwa. Farasi waliobaki waliteketea kwa mbung'o katika miezi iliyofuata.

Nusu karne baadaye watu wa Afrika Kusini walikuja tena Morogoro. Safari hii walikuwa wakimbizi na wapigania uhuru, na baadhi yao walifika kwa malori na mabasi yaliyotokea Tunduma, mpakani na Zambia. Barabara waliyopita iko jirani kabisa na Mlali. Mtu wa Mlali anayekwenda Iringa, Mbeya au ng'ambo ya mpaka hutoka hadi Sangasanga, njia panda iliyo kwenye barabara kuu, na hapo husubiri basi. Mbele yake kuna zaidi ya kilomita 700 hadi Tunduma. Leo watu huihesabu kuwa safari ya kawaida. Babu zao hawakuwa na njia hiyo kabisa.

Hadi miaka ya 1940, aliyetaka kwenda Mbeya kutoka Morogoro alipanda treni ya Reli ya Kati hadi Dodoma, akateremka, kisha akachukua gari la huduma za barabara za shirika la reli kwenda Iringa na Mbeya. Barabara ya Morogoro hadi Iringa kupitia Mikumi ilijengwa miaka ya 1950. Ilipofunguka, wawindaji waliingia kwa wingi katika mbuga ile, na hofu ya kumalizika kwa wanyama ndiyo iliyochangia Mikumi kufanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1964. Barabara hiyo inaikata hifadhi kwa takriban kilomita 50, na abiria wa basi huwaona tembo na twiga bila kulipa kiingilio.

Mpaka wenyewe ni wa zamani kuliko barabara. Waingereza na Wajerumani waliupanga katika mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, na katika pembe hii ya nchi kilichowaongoza kilikuwa njia. Miaka ya 1880 mfanyabiashara wa Glasgow, James Stevenson, alitoa fedha za kufungua njia ya kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Waingereza walitaka njia hiyo ibaki upande wao, ikabaki. Wanyamwanga walijikuta wako pande zote mbili za mstari ambao hawakuuchora, nao wameendelea kuoana, kuzikana na kuuziana nafaka kuuvuka hadi hivi leo. Tunduma na Nakonde, iliyo upande wa Zambia, ni miji miwili kwenye ramani. Kwa miguu, ni mji mmoja.

Kilichoigeuza safari hii ni tukio la mbali na Morogoro. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith huko Rhodesia ilijitangazia uhuru. Zambia, iliyokuwa huru tangu tarehe 24 Oktoba 1964, ilitegemea njia za Rhodesia kuingiza mafuta na kutoa shaba. Mwezi Desemba mafuta yalikatwa. Ndege za Uingereza, Canada na Marekani zikabeba mapipa angani, na chini malori yakaanza kukimbizana kati ya Dar es Salaam na Zambia juu ya barabara ya vumbi. Kiangazi vumbi lilifunika kioo cha mbele, masika magurudumu yalizama. Wageni waliandika juu yake kama njia ya jehanamu, na kwa madereva walioacha maisha yao kwenye makorongo jina hilo halikuwa la kutia chumvi. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia ziliunda kampuni ya pamoja ya uchukuzi, ikisaidiwa na Waitaliano na malori ya Fiat. Bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 hadi Ndola, lilianza kazi mwaka 1968. Barabara nayo ikatiwa lami kwa fedha za Benki ya Dunia, Sweden na Marekani, kazi iliyofika ukingoni mwanzoni mwa miaka ya 1970. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilikabidhiwa Julai 1976.

Habari za mafuta, shaba na reli zimeandikwa sana. Abiria ameandikwa kidogo mno, na naamini hilo ni kosa, kwa sababu bomba lilijengwa kwa ajili ya Zambia lakini lami ilikuwa ya kila mtu aliyekuwa na nauli. Mlima Kitonga, uliokuwa ukitisha hata mchana, ukawa mahali pa kupita huku watu wamesinzia. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vikapata wateja madirishani. Mwalimu aliyepangiwa Rungwe, askari aliyehamishiwa Mbeya, mama aliyekwenda kumuuguza mwanawe Makambako, wote walianza kuhesabu safari kwa saa badala ya siku. Lugha ya safari nayo ikakua: konda, utingo, wapiga debe wa stendi, na ule wito wa kusimama porini ili abiria "wachimbe dawa".

Na walikuwapo abiria ambao hawakusema wanakotoka. Kabla ya Zambia kupata uhuru, mwanaharakati wa Afrika Kusini aliyekimbilia kaskazini alilazimika kuivuka Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, ikiwa bado chini ya utawala wa wazungu, na aliyekamatwa humo alikuwa hatarini kurudishwa kwa makaburu. Kuvuka Tunduma kulikuwa kuokoka. Nelson Mandela mwenyewe alipita pembe hii Januari 1962, ila yeye alitua Mbeya kwa ndege ndogo. Baada ya 1964 njia ilikuwa ya kwenda na kurudi: mwaka 1967 wapiganaji wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, waliokuwa kambini Kongwa walisafirishwa hadi Zambia, na kutoka huko wakaingia Rhodesia kupigana. ANC ilifanya mkutano wake mkubwa Morogoro kati ya Aprili na Mei 1969. Baadaye Tanzania iliwapa ardhi Mazimbu, wakajenga Chuo cha Solomon Mahlangu, kilichokabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1992. Mazimbu na Mlali ziko katika mkoa mmoja, mwendo mfupi tu kwa gari. Wajukuu wa nchi ile iliyotuma farasi mwaka 1916 walisomea humo.

Mabasi yamebadilika pia. KAMATA, kampuni ya mabasi ya taifa, ilikuja ikaondoka. Miaka ya 2000 mabasi ya kampuni ya Scandinavia yalifika hadi Lusaka. Kwa miaka mingi mabasi yalizuiwa kutembea usiku, na wasafiri wa mbali walilala njiani. Zuio hilo liliondolewa mwaka 2023, kwa hiyo basi linaweza kuvuka Mikumi usiku wa manane na kufika Mbeya asubuhi.

Tunduma, iliyo katika Mkoa wa Songwe tangu 2016, ina kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Oktoba 2019. Abiria wa Lusaka hupanga foleni katika jengo moja, maofisa wa nchi mbili humaliza naye hapo hapo, na safari huendelea kupitia Isoka, Mpika, Serenje na Kapiri Mposhi, takriban kilomita 1,000 nyingine.