Kuinua Gari: Historia Fupi Kutoka Milima ya Gusii

Leo tuiweke kompyuta kando kidogo tuingie chini ya gari. Usiondoke bado! Hesabu ipo, na mantiki ni ileile ya kuandika programu: ukibadilisha kitu kimoja katika mfumo, vitu vingine vinne vitakuja kudai haki yao.

Pita Kisii mjini, Keroka au Nyamira uangalie magari yanayotoka vijijini. Utaona Prado, Pajero na Hilux zilizoinuliwa juu kama zinavuka mto. Utaona hata Probox, gari dogo la mizigo lililotoka Japani mwaka 2002, nyuma yake imenyanyuka. Kuna wanaosema huu ni mtindo wa vijana walioona picha kwenye intaneti. Mimi nasema hapana. Huku kwetu kuinua gari kuna umri kuliko intaneti, na chanzo chake ni udongo.

Sehemu kubwa ya nyanda hizi hupata mvua inayozidi milimita 1,500 kwa mwaka. Watu wamejenga migongoni mwa vilima na mito iko mabondeni, kwa hiyo njia hupanda na kushuka bila kupumzika. Udongo mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni. Magurudumu huchimba mifereji miwili, na katikati hubaki tuta. Gari likilalia tuta hilo kwa tumbo, matairi huzunguka bure. Mchezo umekwisha, itisheni majembe.

Kisha ikaja chai. Baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, wakulima wadogo Waafrika walifunguliwa mlango wa mazao ya biashara, na mwaka 1964 ikaundwa KTDA kusimamia chai yao. Sasa, majani mabichi ya chai hayana subira. Yakichumwa leo yafike kiwandani leo, la sivyo yanaharibika. Mvua ile ile inayoistawisha chai ndiyo inayoikata njia ya kuifikisha kiwandani.

Jibu la kwanza la serikali ya kikoloni lilikuwa Land Rover, iliyozinduliwa mwaka 1948. Ekseli nzima nzima mbele na nyuma, springi za mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, na uwazi wa kutosha chini. Starehe haikuwepo! Lakini ni wangapi wangeweza kununua Land Rover? Wengi walibaki na magari ya kawaida, na hapo ndipo somo la pili lilipoanza.

Mwaka 1953 yalianza mashindano ambayo baadaye tuliyajua kama Safari Rally, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yakawa maabara ya wazi. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ndugu yake, 504, ikashinda mwaka 1975 na 1978. Jirani yetu Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho, alishinda mara tatu: mwaka 1965 kwa Volvo, halafu 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa jipu. Yalikuwa magari ya familia yaliyoimarishwa: springi imara, mwendo mrefu wa gurudumu juu na chini, bamba la chuma la kulinda tumbo la injini. Na Peugeot hizo hizo, za mwili mrefu, zikawa teksi za kubeba watu kutoka mji hadi mji. Fundi wa kijijini hakuhitaji kitabu. Alitazama magari yanayopita akajifunza.

Sura ya tatu ni ya magari ya 4x4 yaliyotumika Japani, yaliyoingia kwa wingi miaka ya 1990 baada ya biashara kulegezwa. Pajero za wakati ule hazikuwa na springi za kuzunguka mbele. Zilitumia fimbo ya chuma inayosokotwa, na fundi akikaza bolti moja kila upande gari linapanda. Bei: spana na nusu saa! Wenye fedha wakaagiza seti kamili kutoka kampuni kama ARB ya Australia, iliyoanzishwa mwaka 1975: springi ndefu pamoja na shokomzoba zinazolingana nazo.

Sasa nifike kwenye kilichonisukuma kuandika. Binamu yangu ana Prado ya mwaka 1998, ndani kabisa kwenye chai, Nyamira. Anataka kuinua springi kwa milimita 50 na kutoa matairi ya 265/70R16 avalishe 285/75R16. Gari hilo ndilo linalogongewa dirisha usiku mama mja mzito akishikwa na uchungu. Kwa hiyo si suala la urembo. Tupige hesabu pamoja.

Tairi la 265/70R16 lina kipenyo cha milimita 777. La 285/75R16 lina 834. Nusu ya tofauti ni milimita 28, na hizo ndizo difu ya nyuma itakazopanda. Je, zile 50 za springi zinaongeza nini chini ya difu hiyo? Sifuri. Ekseli ya nyuma ya Prado hiyo ni nzima, imekaa kwenye magurudumu. Springi huinua mwili wa gari tu. Mbele ni tofauti. Kule difu imefungwa kwenye chesisi, hivyo hupanda na mwili, lakini viungo vya ekseli hufanya kazi vikiwa vimepinda zaidi na huisha mapema.

Tuendelee. Tairi kubwa husafiri mbali zaidi kwa kila mzunguko, karibu asilimia 7. Mshale ukisoma 50 katikati ya soko, wewe kwa kweli unakwenda karibu 54. Injini huona mlima mkali zaidi, na breki zilezile zina tairi refu zaidi la kusimamisha.

Kubwa kuliko yote ni kupinduka. Wahandisi huchukua nusu ya upana kati ya matairi wakaigawanya kwa kimo cha kitovu cha uzito. Tuseme nusu ya upana ni sentimita 75 na kimo ni 75: jibu ni 1. Inua kimo kwa sentimita 7 na jibu linashuka hadi 0.91. Umepoteza karibu asilimia 9 ya uthabiti kabla hujapakia gunia hata moja kwenye keria. Na kona za kuteremka mabondeni huku unazijua mwenyewe.

Nilimshauri hivi: achukue 265/75R16, kipenyo milimita 804. Difu inapanda 13, mshale unakosea asilimia 3 tu. Springi azichague kwa uzito anaobeba kila siku, na fedha inayobaki iende kwenye breki na bamba la tumbo. Alinung'unika kidogo, akakubali.

Hapa ndipo Probox inapotufundisha. Gari lile huwekewa springi ngumu nyuma ili libebe watu wengi kuliko viti vyake, kwa sababu njia nyingi za ndani hazina usafiri mwingine. Kuinua ili upite juu ya tuta na kuinua ili ubebe zaidi ni kazi mbili tofauti, ingawa kwa macho zinafanana. Ya kwanza inatafuta njia. Ya pili inaficha mzigo. Springi ngumu humzuia dereva asione gari limelala nyuma. Breki hazidanganyiki.

Kwa miaka mingi mkulima wa Gusii amekuwa akiinua gari kwa sababu hana uwezo wa kuinua barabara. Gharama ya mfereji usiochimbwa na daraja lisilojengwa huhamia kwenye springi, matairi na viungo vya ekseli, na mwenye gari huilipa gereji kidogo kidogo. Kwa hiyo ukikutana na Prado imepanda hewani pale Keroka, kabla ya kucheka, uliza inatoka njia gani.

Haya, tuonane wakati mwingine. Kabla hujamwita fundi, chukua kalamu.