U-852: Nyambizi ya masafa marefu iliyokwama Bandar Beyla

U-852 ilikuwa nyambizi ya jeshi la majini la Ujerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ilianza kuundwa Aprili 1942 katika karakana za AG Weser mjini Bremen, ikashushwa majini Januari 1943, na tarehe 15 Juni mwaka huohuo ikakabidhiwa kwa nahodha wake, Heinz-Wilhelm Eck. Kabla ya kuhamia kwenye nyambizi, Eck alikuwa ameongoza meli ya kufagia mabomu ya baharini. U-852 ilifanya safari moja tu ya kivita. Safari hiyo ilianzia Kiel na kuishia kwenye miamba ya pwani ya Somalia. Kati ya ncha hizo mbili lilitendeka tukio lililomfikisha Eck na wenzake wanne mahakamani.

Nyambizi hii ilikuwa ya aina ya IXD2. Nyambizi nyingi zilizowinda misafara ya meli katika Atlantiki ya Kaskazini zilikuwa za aina ya VIIC, zenye urefu wa mita 67 na uzito wa tani zisizofika 800 zikiwa juu ya maji. Hizo zilitosha kwa vita vya karibu na nyumbani, lakini hazikuwa na mafuta ya kuzifikisha Rasi ya Tumaini Jema na kuzirudisha. IXD2 ilibuniwa kuziba pengo hilo. Urefu wake ulikuwa zaidi kidogo ya mita 87, upana mita 7.5, na uzito tani 1,610 juu ya maji. Matangi yake yalibeba takriban tani 440 za mafuta, na kwa mwendo wa noti 12 iliweza kusafiri karibu maili 23,700 za baharini bila kujazwa tena. Umbali huo unazidi mzunguko wa dunia kwenye ikweta.

Mpangilio wa mitambo yake unaonyesha jinsi wahandisi walivyofikiria safari ndefu. Injini mbili kubwa za dizeli za MAN, zenye jumla ya nguvu-farasi 4,400, zilitumika mwendo wa kasi ulipohitajika, hadi noti 19. Pembeni yake ziliwekwa injini mbili ndogo za dizeli za MWM, nguvu-farasi 500 kila moja, kwa ajili ya mwendo wa pole na kuchaji betri. Chini ya maji kazi ilikuwa ya mota za umeme, na hapo ubora wa chombo uliishia: kasi haikufika hata noti 7, na kwa mwendo wa noti 4 betri zilimalizika baada ya maili 57. Kwa hiyo chombo hiki kilikuwa kwa hakika meli ya juu ya maji yenye uwezo wa kujificha kwa muda. Silaha zake zilikuwa topido 24, mirija minne ya kuzifyatulia upande wa omo na miwili upande wa tezi, mzinga wa sitaha wa milimita 105, na bunduki za kutungulia ndege.

Chombo kingine kilichobebwa kinastahili kutazamwa kwa karibu. Mnara wa nyambizi hauinuki sana juu ya maji, kwa hiyo mlinzi aliyesimama hapo hawezi kuona mbali. Kampuni ya Focke-Achgelis ilibuni dawa ya kasoro hiyo: Fa 330, chombo kidogo cha kuruka kisicho na injini, chenye kiti cha rubani mmoja na pangaboi la mapanga matatu juu ya kichwa chake. Vipande vyake viliunganishwa sitahani, kikafungwa kwa waya, na nyambizi ilipoongeza kasi upepo ulizungusha pangaboi na kukiinua zaidi ya mita 100. Rubani aliongea na walio chini kwa simu iliyopita kwenye waya uleule. Hatari yake ilikuwa dhahiri. Ndege ya adui ikitokea ghafla, nyambizi ililazimika kuzama upesi, na rubani aliye angani alitegemea kuachia pangaboi na kushuka kwa mwavuli. Ndiyo sababu Fa 330 haikufaa sana Atlantiki ya Kaskazini kulikojaa ndege. Ilifaa bahari zenye ulinzi hafifu, na mwezi Agosti 1943 nyambizi U-177 iliitumia kuigundua meli ya Kigiriki Efthalia Mari karibu na Madagaska, kisha ikaizamisha.

U-852 iliondoka Kiel tarehe 18 Januari 1944. Ilikuwa ijiunge na kundi la Monsun, nyambizi za Kijerumani zilizopigana katika Bahari ya Hindi zikitumia bandari ya Penang iliyokuwa mikononi mwa Wajapani. Wakati huo mambo yalikuwa yamebadilika. Rada na ndege za masafa marefu zilikuwa zimewanyang'anya Wajerumani giza la usiku, na mashine kubwa kama IXD2, nzito na zenye kuchelewa kuzama, ziliumia zaidi. U-847 ilizamishwa Agosti 1943, U-848 na U-849 mwezi Novemba katika Atlantiki ya Kusini, na U-850 mwezi Desemba. Zote nne zilikuwa dada za U-852, na zote zilimalizwa na ndege. Eck alionywa waziwazi kabla ya kuondoka kwamba njia aliyokuwa akiielekea ilikuwa imewameza waliomtangulia.

Usiku wa tarehe 13 Machi 1944, kati ya Freetown na kisiwa cha Ascension, U-852 iliikuta Peleus, meli ya mizigo ya Kigiriki iliyokuwa imekodiwa na serikali ya Uingereza. Topido mbili ziliizamisha kwa muda mfupi. Mabaharia walionusurika walishikilia vyelezo na mabaki yaliyoelea. Ofisa wa tatu wa Peleus na mwenzake waliitwa kwenye nyambizi wakahojiwa, kisha wakarudishwa kwenye chelezo chao.

Eck aliogopa kwamba mabaki yangeonwa na ndege za doria asubuhi na nyambizi ikawindwa. Akaamuru vyelezo vipigwe risasi vizame. Mhandisi mkuu, Hans Lenz, alipinga amri hiyo, ingawa baadaye usiku huo naye alifyatua risasi. Bunduki na mabomu ya mkono vilitumika, na nyambizi ikayapitia mabaki kwa kuyagonga. Waliomiminiwa risasi walikuwa watu waliokuwa majini bila silaha. Kazi hiyo iliendelea kwa saa kadhaa hadi baada ya saa sita usiku, na hata kwa hesabu ya kivita ya Eck mwenyewe haikuwa na maana: vyelezo vilielea vilevile, na muda uliopotea ungeifikisha nyambizi mbali kabla ya mapambazuko. Alipogundua kuwa wafanyakazi wake wamefadhaika, Eck aliwahutubia kwa kipaza sauti, akawakumbusha wake na watoto wao waliokuwa wakifa kwa mabomu ya ndege nyumbani.

Watu watatu walibaki hai. Waliokotwa tarehe 20 Aprili na meli ya Kireno Alexandre Silva, wakapelekwa Lobito, Angola.

Wakati huo U-852 ilikuwa imeshapita kusini mwa Afrika. Tarehe 1 Aprili iliizamisha meli ya Kiingereza Dahomian karibu na Cape Town, kisha ikapanda kaskazini kuelekea Ghuba ya Aden. Tarehe 2 Mei ndege aina ya Wellington kutoka Aden ziliikuta juu ya maji na kuishambulia kwa mabomu ya kupasukia chini ya maji. Ilipata uharibifu kiasi cha kushindwa kuendelea kujificha, ikabaki juu ikipambana na ndege zilizokuja kwa zamu. Watu 7 walikufa. Eck akaielekeza nchi kavu, na tarehe 3 Mei ikakwama kwenye miamba ya Bandar Beyla, kusini mwa Ras Hafun. Mabaharia walijaribu kuilipua, wakaogelea hadi ufukweni, na wote 59 wakakamatwa na askari wa kikosi cha ngamia cha Somaliland pamoja na wanamaji wa Kiingereza.

Mlipuko haukuimaliza kazi. Ndani ya mabaki Waingereza walipata Fa 330, na pia shajara ya safari iliyoonyesha mahali nyambizi ilipokuwa tarehe 13 Machi. Ushahidi huo ulikubaliana na maelezo ya manusura watatu. Nahodha aliyewaua watu ili asiache alama aliuacha ushahidi wa maandishi katika chombo chake mwenyewe.

Kesi ilisikilizwa Hamburg kuanzia tarehe 17 hadi 20 Oktoba 1945, mbele ya mahakama ya kijeshi ya Uingereza iliyojumuisha pia maofisa wa Kigiriki. Washtakiwa walikuwa Eck, Lenz, ofisa August Hoffmann, daktari Walter Weisspfennig na baharia Wolfgang Schwender. Eck alikubali kuwa amri ilikuwa yake, akajitetea kwa hoja ya dharura ya kivita. Wengine walisema walitii mkubwa wao. Hoja hii ya pili ilikuwa imeshakataliwa na Wajerumani wenyewe: mwaka 1921 mahakama ya Leipzig iliwatia hatiani maofisa wawili wa nyambizi U-86 walioshiriki kuzipiga mashua za manusura wa meli ya hospitali Llandovery Castle, ikisema kwamba amri iliyo haramu waziwazi haimkingi anayeitekeleza. Mahakama ya Hamburg ilifuata mkondo huohuo.

Eck, Hoffmann na Weisspfennig walipigwa risasi tarehe 30 Novemba 1945. Lenz alihukumiwa kifungo cha maisha na Schwender miaka 15; wote wawili waliachiliwa mapema, Schwender mwaka 1951 na Lenz mwaka 1952. Kati ya makamanda wote wa nyambizi za Ujerumani katika vita hivyo, Eck ndiye pekee aliyetekelezewa hukumu ya kifo kwa uhalifu wa kivita uliotendwa baharini.