Tarakimu 20 za Luku

Vikitajwa vifaa vilivyounganishwa na mtandao, wengi hufikiria saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo au taa inayowashwa kwa simu. Kwa Afrika Mashariki, historia yake ianzie kwenye kisanduku cha luku kilichopigiliwa ukutani, chenye vitufe na kioo kidogo cha kusomea namba. Miaka mingi kabla ya simu janja, kisanduku hicho kiliingiza majumbani mwetu kompyuta ndogo inayopokea amri kutoka mbali na kuitii. Waandishi wa programu iliyochomwa ndani ya chipu yake hawakusubiri mtandao ufike kila mtaa. Walikubali kwamba kipande cha mwisho cha njia, kati ya kompyuta ya shirika la umeme na mita, kitakuwa kidole cha mtu, kisha wakakisanifu kila kitu kwa kipimo cha kidole hicho.

Chimbuko lake ni Afrika Kusini, na si chimbuko safi. Katika miaka ya 1980 wakazi wa vitongoji kama Soweto waligoma kulipa kodi za nyumba na ankara za huduma, wakipinga utawala wa ubaguzi wa rangi. Wakati huohuo mamilioni ya nyumba za Weusi hazikuwa na umeme kabisa. Shirika la umeme la Eskom lilipoanza kuzifikia nyumba hizo, liliona kulipa kabla ya kutumia ndiyo njia ya kutodai tena. Ugomvi wa kisiasa ukafungiwa ndani ya kisanduku kisichojadiliana na mtu. Ila kila kiwanda kilikuwa na namna yake ya kuficha ujumbe, na shirika lililonunua mita za kiwanda kimoja lilibaki mateka wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikatungwa lugha moja ya mita zote, STS, ambayo baadaye ikawa kiwango cha kimataifa. Lugha hiyo ndiyo inayosomwa na mita za luku, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, za TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, na ndiyo iliyomo ndani ya tokeni za Kenya.

Itazame kwa karibu tokeni moja, namba anayopewa mnunuzi wa umeme aibonyeze kwenye mita. Tarakimu zake 20 hubeba biti 66, na zimejaa pomoni: biti ya 67 ingelazimisha tarakimu ya 21. Biti 16 zinataja kiasi cha umeme, kikihesabiwa kwa sehemu ya kumi ya yuniti. Biti 24 zinataja dakika ambayo umeme ulinunuliwa, kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Nyingine 16 ni za kukagua makosa, nne ni za kubahatisha, na zilizobaki zinaeleza aina ya ujumbe. Karibu zote hufungwa kwa ufunguo wa mita moja tu, ndiyo maana tokeni ya jirani hukataliwa kwako. Mita hufungua ujumbe, hulinganisha dakika yake na orodha ya tokeni ilizokwisha kumeza, na ikiwa ni mpya huongeza yuniti.

Atakayepinga atasema kifaa kisicho na antena hakijaunganishwa na chochote. Pingamizi hili lina uzito upande mmoja: luku ya kawaida husikia lakini haisemi. Shirika haliwezi kujua kutoka ofisini kwamba mita imechezewa. Ni lazima mkaguzi afike mlangoni. Lakini kusikia nako ni kuunganishwa. Ujumbe unatoka kwenye seva, unathibitishwa kwa ufunguo, unatekelezwa na chipu. Kama umepita hewani au kwenye karatasi ya duka, mita haitofautishi. Ndiyo maana malipo ya simu yalipoenea, mita zilezile za zamani zikawa zinanunuliwa umeme usiku wa manane bila kubadilishwa skrubu hata moja. M-KOPA ilipoanza kuuza sola Kenya mwaka 2012, iliweka laini ya simu ndani ya kifaa chenyewe. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, lakini kanuni ya kulipa ndipo kifaa kikubali kuwaka ilikuwa imeshazoeleka ukutani.

Ushahidi mzito zaidi kwamba luku imeunganishwa ulikuja mwaka 2024. Biti 24 zinatosha dakika 16,777,216, karibu miaka 32, na hesabu iliyoanza 1993 ilikuwa inafika ukingoni tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo dakika zingeanza tena sifuri, na mita ingeiona kila tokeni mpya kuwa ya zamani na kuikataa. Ikabidi mita zibadilishiwe ufunguo na kuanzishiwa hesabu mpya, makumi ya mamilioni duniani, kila moja mahali ilipo. Kwa kuwa ufunguo wa biti 64 hauingii kwenye tokeni moja, ulikatwa vipande viwili. Ndiyo sababu mteja wa Tanzania alipokea namba tatu: mbili za kubadilisha mita, ya tatu ya umeme wenyewe, ziingizwe kwa mpangilio. Tarakimu 60, zikibonyezwa moja moja na mwenye nyumba, mpangaji au mtoto aliyetumwa. Huko ni kusasisha programu ya mtandao mzima, na wananchi ndio walioifanya kazi hiyo, bila ujira.

Wapo wanaouita ukomo huo uzembe wa wahandisi. Siukubali uamuzi huo. Biti moja zaidi ya muda ingeongeza miaka mingine 32, lakini ingelazimu kuikata kwenye ukaguzi wa makosa au kwenye kiasi cha umeme, au kumbebesha kila mnunuzi tarakimu ya ziada kila aendapo kununua. Tena njia ya kutokea waliiacha wazi tangu mwanzo, ndani ya tokeni za kubadilisha ufunguo. Lawama ninayoiona ya haki ni kwa mashirika yaliyoijua tarehe hiyo miaka mingi na kuwaachia wateja miezi ya mwisho. Mita zilizohamishiwa kwenye hesabu inayoanza Januari 2014 bado zina biti 24 zilezile, na dakika zake zitakwisha Novemba 2045.