Tunu wa Redioni na Bibi Harusi wa Leo

Wapenzi, mama zetu wa Temeke na Kinondoni walicheka na Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania, wachekeshaji waliobeba methali: pwagu hupata pwaguzi. Julai 1993 redio hiyo hiyo ikaleta Twende na Wakati, mchezo wa uzazi wa mpango na UKIMWI. Mkwaju, dereva wa lori, alikuwa na wanawake njiani. Mwisho akafa kwa UKIMWI. Mkewe Tunu alishamwacha, akasimama na biashara yake. Wasikilizaji wakaanza kumwita mwanamume mhuni “Mkwaju”. Jina la mchezoni likawapa wanawake njia ya kusema lililokuwa aibu kutamkwa. Bibi harusi, nawe usione haya. Kabla ya nikaha mwambie mchumba: twende tukapime.