Wanafunzi wa Mlimani na Masimulizi ya Vita vya Maji Maji

Kati ya kazi za kihistoria zilizotolewa nchini Tanzania katika muongo wa kwanza wa uhuru, ni chache ambazo watafiti wameendelea kuzirejea kama wanavyourejea mkusanyo wa makala na masimulizi ya Vita vya Maji Maji uliotolewa mwaka 1969 na Idara ya Historia ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya kazi hiyo haikufanywa na maprofesa wala na watahiniwa wa uzamivu, bali na wanafunzi wa shahada ya kwanza, watu ambao mpaka leo utafiti wao wa kumalizia masomo huhesabiwa kuwa zoezi la kupimiwa tu, linalosomwa na msimamizi, likapewa alama, kisha likasahauliwa kabatini.

Chuo hicho kilianza Oktoba 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, katika jengo la TANU lililokuwa Mtaa wa Lumumba, na baada ya miaka michache kikahamia kwenye kilima kilichokipa jina la Mlimani. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1970 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mfumo wake wa shahada ulifuata ule wa Uingereza, ambamo wahitimu hupangwa kwa madaraja na anayelenga daraja la juu hutakiwa kuonesha kwamba anaweza kufikiri na kuhoji mwenyewe badala ya kurudia aliyofundishwa. Idara ya Historia iliundwa mwaka 1964 chini ya Terence Ranger, na wahadhiri wake walishikilia kwamba historia ya Afrika haina budi kuandikwa kwa kuwatazama Waafrika kama watendaji, si kama watu waliotendwa tu na wageni.

Msimamo huo ulikuwa rahisi kuutamka kuliko kuutekeleza, kwa kuwa nyaraka za vita vya 1905 hadi 1907 zilikuwa karibu zote za Wajerumani na za wamisionari. Gavana Götzen, aliyeongoza ukandamizaji wa vita hivyo, alichapisha mwaka 1909 kitabu chake mwenyewe kuvihusu, na mtu aliyetaka kujua kwa nini Wamatumbi waling'oa pamba ya serikali, au namna habari za maji ya dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe zilivyosafiri kutoka kijiji hadi kijiji, hakuweza kuridhika na maelezo ya upande uliotumia bunduki na kuchoma maghala ya chakula. Hata idadi ya waliokufa ilibadilika kwa kutegemea aliyeulizwa: makadirio rasmi ya Wajerumani yalikuwa 75,000, ilhali Gilbert Gwassa, aliyetumia muda mrefu kusikiliza wazee wa kusini, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa.

Gwassa, pamoja na John Iliffe, ndiye aliyeuongoza mradi wa utafiti wa mwaka 1968 uliozaa mkusanyo huo. Wanafunzi walipelekwa katika wilaya zilizopiganiwa, wakiwamo waliozaliwa katika maeneo hayo hayo, ili wakusanye mapokeo simulizi, yaani habari za kale zinazohifadhiwa kwa kusimuliwa na si kwa kuandikwa. Muda ulikuwa umebaki kidogo mno, kwani kijana wa miaka 15 wakati vita vinaanza alikuwa amefikia miaka 78, na kila mwaka uliopita uliondoka na mashahidi wake. Hapo ndipo mwanafunzi alipompita profesa: alijua kuamkia, alijua lugha ya nyumbani, na mzee aliyesita kumweleza mgeni mambo ya damu aliweza kumweleza kijana ambaye ukoo wake anaufahamu.

Thamani ya kazi yao, hata hivyo, ilitokana zaidi na nidhamu ya kuandika kuliko ujirani huo. Masimulizi yaliwekwa pamoja na jina la msimulizi na mahali alipohojiwa, na hayakumezwa na makala ambayo mwanafunzi aliandika kuyafafanua. Msomaji wa vitabu vya historia ya Tanganyika hukutana na alama ya utaratibu huo katika tanbihi, ambako herufi MMRP, kifupi cha Maji Maji Research Project, hufuatwa na msururu wa tarakimu unaoelekeza kwenye simulizi moja mahususi.

Utengano huo ulikuja kuokoa kazi nzima, kwa sababu tafsiri za 1968 zilizeeka. Wanafunzi wa taifa changa waliuliza zaidi kuhusu umoja wa makabila na upinzani dhidi ya mkoloni, na majibu yakafuata njia ya maswali. Thaddeus Sunseri, katika makala ya 1997 kuhusu Uzaramo, alielekeza macho kwenye njaa, nguruwe pori waliovamia mashamba, na mivutano ya wanawake na wanaume ndani ya kaya, na kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010 kiliyapima upya mengi yaliyokuwa yakikubaliwa. Wapinzani hao wa tafsiri ya zamani walihitaji kuyasoma masimulizi yale yale, na waliyakuta yakiwa bado yanasomeka kama ushahidi.

Mbinu kama hiyo ya kutafuta ushahidi nje ya nyaraka za serikali ilitumika pia katika kuandika maisha ya watu binafsi. Mwaka 1973 Iliffe alihariri kitabu cha wasifu wa Watanzania ambamo Daisy Sykes Buruku, aliyekuwa mwanafunzi wa Mlimani, aliandika juu ya babu yake, Kleist Sykes, mzaliwa wa Pangani na mmoja wa waasisi wa African Association ya mwaka 1929, akitumia karatasi za familia ambazo hazikuwa katika hifadhi yoyote ya serikali. Mohamed Said alipochapisha mwaka 1998 kitabu chake kuhusu Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist, akipinga namna historia rasmi ya TANU ilivyowaacha nje wazee wa Dar es Salaam, kazi hiyo ya Buruku, iliyoanza kama insha ya mwanafunzi, ilikuwa miongoni mwa marejeo yake.