Duka la Peremende na Maziwa ya Mlimani

Ewe msomaji uliyelelewa pwani, huenda ukadhani kuwa utamu wote wa utotoni ulikuwa mali yetu sisi watu wa ufukoni: halwa, kashata ya nazi, visheti, na kaimati za Ramadhani. Basi panda nami mpaka Lushoto, katika milima ya Usambara, kiasi cha kilomita 33 kutoka Mombo kwa njia ya kona na makorongo. Vitabu vya tarehe vitakwambia kuwa mji huu Wajarumani waliuita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, na kwamba reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905. Havitakwambia mtoto aliyetumwa dukani na senti yake alikuta nini huko.

Alikuta mitungi ya kioo iliyopangwa juu ya meza ya duka, na ndani yake peremende za rangi, gubiti, na pipi za kijiti. Mwenye duka katika miji midogo kama hii alikuwa Mhindi au Mshihiri. Penye Mhindi palikuwa na jalebi, ladu na labania. Penye Mshihiri palikuwa na tende na halwa, na kahawa kwa wazee. Mtoto alitoa senti tano au senti kumi, zile za kikoloni zenye tundu katikati, ambazo mama aliweza kuzitunga katika uzi zisipotee. Mwaka 1966 zikaja za Tanzania: senti tano yenye samaki, ishirini yenye mbuni, na thumni yenye sungura. Waliokuwa watoto zama hizo, wengi wao wanaijua sarafu kwa mnyama wake kabla ya kuijua kwa hesabu.

Lakini sukari ile ilitoka wapi? Hapa ndipo penye khabari nzito. Kabla ya Wajarumani, mto Pangani, upitao chini ya milima hii, ulikuwa na mashamba ya miwa karibu na mji wa Pangani, na miwa ikisagwa na kupikwa huko huko. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya mwaka 1888 na akanyongwa Pangani Disemba 1889, yeye mwenyewe alikuwa na shamba la miwa. Twamtaja kwa ushujaa, na ni haki yake. Ila tusijifiche: miwa ile ilikatwa na watumwa. Na baada ya kufa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Vugha, mwaka 1862, wanawe na wajukuu wake waliingia katika vita vya wao kwa wao, na mateka wa Kisambaa wakateremshwa kuuzwa pwani. Basi katika sukari ya Pangani mlikuwa na jasho la watu wa milima hii hii. Utumwa haukufutwa kwa sheria Tanganyika mpaka mwaka 1922. Mtoto wa Lushoto aliyelamba pipi mwaka 1950 aliweza kuwa na bibi aliyezikumbuka hadithi hizo, na kwetu pwani hadithi hizo mara nyingi tulizinyamazia.

Maziwa, kwa upande wao, yalikuwa ya mlimani khasa. Wasambaa walifuga, na juu zaidi, kwenye nyanda za baridi, walikaa Wambugu, watu wa ng'ombe tangu zamani. Lushoto iko kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, na baridi ya huko huyachelewesha maziwa kuchacha. Hilo peke yake ni neema ambayo mtu wa Tanga mjini hana. Dukani yakinywewa moto, yametiwa sukari na hiliki, na miezi ya Juni na Julai, ukungu ukiwa mpaka mlangoni, gilasi ile ilipasha mikono kwanza kabla ya tumbo.

Wako waliokuwa wakipaita mahali kama hapo baa ya maziwa. Jina hilo lina safari yake. Mwaka 1932 mjini Sydney, Australia, lilifunguliwa duka la kunywea maziwa kwa kusimama mbele ya meza ndefu, mfano wa kilabu cha ulevi lakini bila ya ulevi, na mtindo huo ukaenea Uingereza na makoloni yake. Wazungu waliochoshwa na pombe ndio walioupigia debe. Sisi tuliokwisha kusoma kuwa Mtume (S.A.W.) usiku wa Israa alipewa maziwa na mvinyo akachagua maziwa hatukuhitaji kufundishwa na Sydney, na Kiswahili chetu kilikuwa na neno baa kwa maana ya balaa kabla ya baa ya kwanza kufunguliwa!

Maduka haya hayakufa kwa siku moja. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, biashara ikaanza kuhamia mikononi mwa dola. Mwaka 1971 zikataifishwa nyumba za kupangisha, na Wahindi wengi wakaondoka nchini. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, ya kufunga maduka ya watu binafsi ili ya ushirika yashike nafasi. Ikasimamishwa mwaka huo huo, maana ya ushirika hayakuwa na bidhaa. Kisha ukame, bei ya mafuta, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na sukari ikawa kitu cha foleni. Nia ya kumzuia mlanguzi ilikuwa njema, nami siibezi. Lakini kashata haipikwi kwa nia, na sukari ya mgao ilikwenda kwenye chai na uji wa mgonjwa.

Utamu uliorudi baada ya milango ya biashara kufunguliwa mwaka 1984 ulikuwa mwingine, pipi za kiwandani zilizofungwa moja moja. Maziwa yakarudi kwa njia iliyo bora zaidi. Katika miaka ya 1980 mradi wa Serikali na Waholanzi ulianza kuwapa wakulima wadogo wa Tanga ng'ombe wa maziwa, wakafugwa bandani kwa majani ya kukatwa. Vyama vyao vikaungana, na katika miaka ya 1990 kikazaliwa kiwanda cha Tanga Fresh. Mwenye ng'ombe mmoja au wawili akawa muuzaji. Kilichoteremka toka mlimani safari hii kililipiwa, na mwenye kulipwa ni mtu wa mlimani.

Nakuomba jambo moja, msomaji. Ikiwa nyumbani kwenu, juu ya kabati au chini ya kitanda, limebaki daftari la deni la duka la zamani, hata likiwa la Kigujarati usichoweza kukisoma, lisiwe la kuwashia jiko. Mna majina ya wateja humo, na bei ya gilasi ya maziwa.